Namba Ambayo Chimène Hakupaswa Kujua

Grenoble, tarehe 14 Januari 2025

Tonton Ruphin mupendwa,

Nakusalimia wewe, Tantine Augustine, dada yangu Joëlle, binti yenu, na nyumba yote ya Simi-Simi. Mimi niko muzima. Baridi ya huku haina adabu, ninavaa soksi mbili mbili na bado vidole vinalalamika. Mama ameniandikia toka Kindu, anasema shule anayofundisha inaendelea vizuri na kwamba wewe, kaka yake, humuandikii. Ni yeye anasema, si mimi. Kwanga, ile mikate ya muhogo uliyotuma na Abbé Osée, zilikuwa ine, zikafika tatu. Ile ya ine aliikula kwenye ndege, amekiri mwenyewe.

Bon, tuingie ndani ya jambo. Pamoja na barua hii utakuta enveloppe ndogo nyeupe, imefungwa na gundi. Usiifungue, na mutu mwingine asijue ni nini. Soma kwanza.

Umeniuliza mara nyingi thèse yangu ya udaktari iko juu ya nini, na mimi nilikuwa najibu «vitu vidogo sana» kwa uvivu. Leo nakuambia vizuri. Ndani ya kila kitu, jiwe ao kidole chako, kuna vipande vinaitwa nyutroni. Nyutroni ikiwa pamoja na wenzake inadumu. Ikitolewa na kubaki peke yake, inaishi karibu robo saa, kisha inavunjika na kutoa vitu vitatu: protoni, elektroni na nyutrino. Protoni na elektroni tunazipata. Nyutrino inapita ndani ya ukuta na ndani ya mashini zetu bila kubisha hodi, hakuna anayeiona. Sisi tunatafuta kujua: elektroni ikienda upande huu, nyutrino inapenda kwenda upande gani, ule ule ama wa kinyume, na inapenda kwa kiasi gani? Jibu ni namba moja tu. Wengine walishaipima zamani, na vipimo vyao havipatani vizuri.

Sasa hatari ni sisi wenyewe. Mutu akijua jibu la zamani, anatafuta makosa mpaka namba yake ifanane na ile, halafu anaacha kutafuta. Njo maana tunajifunga macho. Fundi mumoja wa kikundi kingine alichagua namba ya siri, akaiongeza ndani ya mashini ya hesabu. Donc kila jibu tunalopata limesogezwa, na hatujui limesogezwa kiasi gani. Namba yenyewe aliiandika kwenye karatasi moja. Profesa wetu, Madame Nicole, aliuliza: nani ataitunza, mutu wa mbali ambaye hatutaweza kumubembeleza? Nikamuambia niko na tonton aliyekaa miaka thelathini na ine kwenye guichet ya posta ya Kisangani na hajawahi kufungua barua ya mutu. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema tuma.

Nikiijua namba hiyo mbele ya wakati, kazi ya miaka mitatu inatupwa, na thèse yangu pamoja nayo. Mimi na mwenzangu Mujerumani tunapiga hesabu kila mutu pembeni yake. Siku tutakayopatana na kuapa kwamba hatubadilishi tena, tutakupigia simu, wewe utafungua na kusoma. Mpaka siku ile tuandikiane tu kwa mukono, kupitia wasafiri. Kwenye simu unaongea sana, Tonton, unajijua.

Mupwa wako anayekupenda,
Chimène


Kisangani, tarehe 23 Februari 2025

Mwanangu Chimène,

Barua yako ilifika mikononi mwangu salama, na furaha iliingia ndani ya nyumba nayo. Sisi wote tuko wazima. Mugongo wa tantine wako unamusumbua lakini ulimi wake uko na nguvu kama zamani. Courant ya umeme toka Tshopo inakuja na kwenda inavyotaka, tumezoea. Mama yako nimemuandikia kurasa tatu, asiniseme tena.

Juu ya enveloppe: nimepokea, nimekubali, na ninaapa. Hukukosea kunitaja kwa profesa wako. Gundi ile ya Ulaya sikuiamini hata kidogo, basi nimeitia ndani ya enveloppe yangu nyeupe kubwa, nikafunga kamba msalaba, nikamwaga nta nyekundu na kupiga muhuri wangu wa kazi. Inje sikuandika neno, juu ya vile umesema mutu asijue ni nini. Iko ndani ya sanduku, na ufunguo uko shingoni mwangu. Tantine wako anauliza kama sasa nimekuwa mufungwa ao askari.

Mambo yako ya nyutroni nimeyasoma mara tatu, na nafikiri nimeelewa. Chukua watu wawili ndani ya pirogue, yaani mutumbwi, iliyosimama. Wote wanaruka wakati mumoja. Mumoja unamuona anavyoruka, mwingine giza limemuficha. Lakini ukiangalia pirogue imesukumwa upande gani na kwa nguvu gani, utajua yule wa giza aliruka wapi. Pirogue njo protoni. Niambie kama nimekosea.

Sasa habari ya hapa. Joëlle amepata muchumba. Ni Jérémie, kijana wa Yanonge, anauza samaki wa kukaushwa hapa mujini na amesoma mpaka licence ya chuo kikuu. Baba yake, Papa Josué, ni katekista, mutu wa maneno machache. Wameleta barua ya kumuomba Joëlle, imeandikwa vizuri sana. Kwa desturi yetu jibu haliendi kwa simu, na wawili hawaongei mpaka jibu lifike. Kwa hiyo sasa niko kwenye meza naandika jibu. Nimefika brouillon ya tano, ine za kwanza nimezichana.

Mujomba wako wa damu, na sasa wa kazi,
Tonton Ruphin


Grenoble, tarehe 2 Aprili 2025

Tonton mupendwa,

Salamu kwa wote, na pole kwa mugongo wa Tantine. Hapa theluji imeanza kuisha na watu wanatabasamu tena barabarani. Nimepika pondu ya boîte, majani ya muhogo ya kopo, nikalia kidogo juu ya ladha yake, halafu nikaimaliza yote.

Mambo ya pirogue nilimueleza Madame Nicole, akaichora ubaoni. Sasa kila mutu hapa anasema «pirogue» wakati anataka kusema protoni. Wewe ni maarufu Grenoble na hujui.

Mimi na Mujerumani wangu hatupatani bado. Jibu lake na langu viko mbali kuliko inavyoruhusiwa. Mumoja wetu amekosea, na kila mumoja anafikiri ni mwingine. Nakuambia ukweli, siku zingine natamani kuijua ile namba, nione tu ni nani yuko karibu na ukweli. Kisha naona haya.

Jibu la Yanonge limeenda? Na enveloppe iko salama?

Chimène wako


Kisangani, tarehe 19 Mei 2025

Mwanangu Chimène,

Nakusalimia kwa jina la wote waliomo ndani ya nyumba na wale wa jirani. Habari ni nyingi. Abbé Osée amepata parokia mupya na anaugua malaria, lakini si kali. Jirani yetu René amenunua jenereta, sasa hatusikilizani. Tantine wako ameanza kufuga bata, bata saba, na mumoja ameingia kanisani wakati wa mahubiri. Watu walisema ni mimi niliyemufundisha.

Jibu la Yanonge lilienda mwezi uliopita. Wajumbe walikuja na baleinière, ile mashua kubwa ya mutoni, tukawapa liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani, na bière, nikalitoa jibu kwa mikono miwili mbele ya wote, na wao wakalipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa siku nzuri sana. Tangu pale watu wa Yanonge wamenyamaza. Joëlle hali chakula vizuri.

Umeuliza juu ya enveloppe. Mvua mwaka huu imezidi. Barabara ya kwenda wenze, sokoni, imekatika, wabeba abiria wa toleka wanabeba baiskeli mabegani badala ya baiskeli kuwabeba.

Niko na swali moja, la kupenda kujua tu. Tuseme enveloppe ya namna ile imefunguliwa na watu ambao hawajui kitu juu ya nyutroni, hata jina lake. Namba inaharibika? Nauliza juu mzee anapenda kujifunza.

Tonton Ruphin


Grenoble, tarehe 28 Juni 2025

Tonton,

Wote huko wawe wazima. Mimi pia niko muzima. Bata aliyeingia kanisani amenichekesha siku mbili.

Nakujibu swali lako la mzee anayependa kujifunza. Namba haiharibiki kwa kuonwa. Hata Kisangani yote ikiijua, haina shida. Inaharibika nikiijua mimi, ao Mujerumani, ao mutu yeyote anayepiga hesabu. Basi.

Na mimi niko na habari ambayo sikutaka kukuandikia, lakini naona lazima. Mwanzo wa mwezi huu niliona ujumbe kwenye simu toka namba ya Congo nisiyoijua. Bila kufungua, mistari ya kwanza inaonekana. Ilisema hivi: «Dada Chimène, ni mimi Jérémie wa Yanonge. Samahani kukusumbua. Jibu la familia yenu tulilifungua, ndani mulikuwa namba tu, baba anauliza maana yake, namba yenyewe ni». Pale ujumbe unakatika. Ili usome mwisho, lazima ubonyeze.

Tonton, kidole changu kilikuwa juu ya kioo. Sijui kilikaa pale muda gani. Nilifikiri: hakuna atakayejua. Nilifikiri: Mujerumani ataona haya mwezi ujao. Kisha nikaizima simu na kukimbia nayo mpaka bureau ya Madame Nicole, nikamuambia kila kitu. Ameifungia ndani ya kabati yake ya chuma. Sina simu mpaka mwisho wa kazi. Watu wa hapa wananionea huruma kama mugonjwa, na mimi nimegundua kwamba kuna milima karibu na nyumba yangu.

Sasa na wewe niambie. Usiniletee bata tena. Kumetokea nini?

Chimène


Kisangani, tarehe 30 Julai 2025

Mwanangu Chimène,

Nakusalimia. Wote wazima. Leo sina habari nyingine mbele ya hii.

Nimekosa. Nilikupa neno langu na nimekosa. 

Nilipomaliza jibu la Yanonge, nililifunga namna ile ile niliyofunga ya kwako: enveloppe nyeupe kubwa, kamba msalaba, nta, muhuri. Nilitaka zote mbili zipate heshima moja. Inje ya jibu sikuandika kitu, juu ya vile linapita mukono kwa mukono. Inje ya ile ya kwako sikuandika kitu, juu uliniomba. Nikaziweka zote mbili ndani ya sanduku. Miaka thelathini na ine, Chimène, na sikuandika anwani. Hata mutoto wa siku ya kwanza ya kazi anaandika anwani.

Wajumbe walipoondoka na jibu, siku nyingi nilikuwa na amani. Barua yako ya Aprili ilipofika nikafungua sanduku kuangalia, nikaipima mukononi. Ilikuwa nzito. Ya kwako ilikuwa karatasi moja, jibu langu lilikuwa kurasa ine. Nikaogopa kwamba nilitoa ile ya kwako. Lakini ningehakikisha namna gani? Ili nijue kama ni ya kwako lazima niifungue, na kama ni ya kwako niliapa sitaifungua. Nilikaa na enveloppe ile juu ya magoti wiki tatu. Tantine wako alisema ifungue, wewe mutu gani? Sikuweza. Wakati ule njo nilikuandikia mambo ya bata.

Kisha Jérémie, aliyekatazwa na baba yake kumupigia Joëlle, alimutumia mutu kumuuliza ni dhambi gani ametenda. Pale nikaelewa, nikachukua enveloppe na baleinière siku ile ile nikashuka Yanonge.

Nikuambie yaliyotokea kule, lakini niko na taabu. Walifungua mbele ya ukoo mzima, wakakuta mustari mumoja. Tantine mumoja alifikiri ni... hapana, nikikuambia alifikiri nini utajua. Muzee mwingine alikasirika sana na kusema tumewatukana juu ya ile alama ya... hapana, hiyo pia siwezi. Papa Josué yeye aliitafuta ndani ya Biblia, sura na mustari, na akakuta maneno yaliyomuhuzunisha. Kitabu gani sikuambii. Walifikiri tumemukataa Jérémie kwa hekima nzito. Kijana akasema namba ya namna hii ni ya watu waliosoma, mimi nitamuuliza Chimène wa Ulaya. Njo ujumbe ulioona.

Nilipiga magoti mbele ya Papa Josué, na umri wangu huu. Nikaeleza nyutroni, pirogue, na thèse yako inayoweza kufa kwa neno moja.  Papa Josué akamuambia Jérémie afute ujumbe na asiguse simu juu ya mambo haya, akaita ukoo wote, watu makumi mbili na tatu, mumoja mumoja, mukono juu ya Biblia, wakaapa hawataisema namba hata kwa ndoto. Karatasi amenirudishia. Nimeifunga tena, na inje nimeandika: «Ilifunguliwa kwa kosa la Ruphin.» Jibu la kweli nililisoma mwenyewe pale pale kwa sauti. Mama ya Jérémie alicheka mpaka akakaa chini. Ndoa ni mwezi wa kumi na mbili.

Mimi sistahili tena kutunza kitu. Muambie profesa wako atafute mwingine. Na kama thèse yako imekufa, niambie wazi, usinifiche juu ya uzee.

Tonton wako, kwa haya kubwa,
Ruphin


Grenoble, tarehe 8 Septemba 2025

Tonton wangu mupendwa,

Salamu kwa Tantine, kwa bi harusi na kwa bata wote saba. Mama anakuja toka Kindu kwa ndoa, na mimi nimeshapata tiketi ya ndege, ni Abbé Osée atanipokea.

Thèse haijakufa. Barua yako niliisoma kwa kikundi chote, nikiigeuza kwa Kifaransa. Nilipofika pale ulipokaa wiki tatu na enveloppe juu ya magoti bila kuifungua, Madame Nicole aliondoa miwani yake na kuipangusa, na haikuwa chafu. Akasema hivi: «Namba imeonwa na watu makumi mbili na tatu na hakuna mumoja anayepiga hesabu zetu. Sheria haijavunjika. Huyu njo mutunzaji wetu, hatubadilishi.» Kwa hiyo hukufukuzwa kazi.

Na sasa ungamo langu. Aliyekosea ni mimi. Kuna protoni zinazogonga na kurudi nyuma kabla ya kuhesabiwa, na mimi nilikuwa nimezirekebisha mara mbili. Nililiona kosa mwezi wa saba, sina simu, sina kingine cha kuangalia isipokuwa mistari yangu. Kama ningebonyeza ule ujumbe, Tonton, najua ningefanya nini. Jibu langu la makosa, ukiondoa namba ya siri, lingeweza kuanguka karibu na jibu la wazee waliopima zamani, na mimi ningefurahi na kuacha kutafuta. Ningeandika thèse nzuri ya uongo, na nisingejua kamwe kwamba ni uongo. 

Sasa mimi na Mujerumani tumepatana. Jana tumeweka sahihi: hatugusi kitu tena. Tutakupigia tarehe 17 Oktoba, siku ya tano, Ijumaa, saa tisa ya alasiri. Saa ya kwenu na ya kwetu ni moja. Soma polepole.

Chimène


Kisangani, tarehe 20 Oktoba 2025

Mwanangu Chimène,

Tunakusalimia sisi wote, na leo hii «wote» ni neno kubwa, utaona. Wewe ulisikia siku ile, lakini hukuona. Nakuandikia ili na wewe uone.

Watu wa Yanonge walifika asubuhi na baleinière. Sikuwaita. Papa Josué alisema wameibeba namba ile miezi sita, wako na haki ya kuwepo inaposhushwa. Tantine wako alipika tangu alfajiri, na bata sasa wamebaki watano. Walijaa ndani, wakajaa inje, wengine madirishani. Jérémie alikaa pembeni ya Joëlle na kila mutu alijifanya hawaoni. René jirani alizima jenereta yake ili tusikie, jambo ambalo hajawahi kufanya hata kwa maiti.

Simu ilipolia niliiweka mezani, sauti inje. Nilikata kamba, nikavunja nta, nikatoa karatasi. Nikasikia Madame Nicole anasema kwa Kifaransa: «Monsieur Ruphin, tuko tayari, tafadhali usome.» Nikaanza kutafuta miwani. Haikuwa mufukoni, haikuwa kichwani. Na pale wenzetu wa Yanonge hawakuweza tena kuvumilia. Watu makumi mbili na tatu, wazee na mama na watoto wao wakubwa, kwa sauti moja, kama darasa la kwanza mbele ya inspecteur:

— Moins zéro virgule zéro zéro trois sept!

Kutoa sifuri nukta sifuri sifuri tatu saba, kama ulivyosikia. Kisha vigelegele. Nilinyanyua mukono kunyamazisha, nikapata miwani, nikaisoma peke yangu mara ya pili, polepole kama ulivyoomba, juu kazi ni kazi. Papa Josué alikuwa akifuata kidole changu kwenye karatasi, na aliitika.

 Halafu tulisikia upande wenu vidole vya mutu kwenye mashini.  Madame Nicole akasema namba yenu, na mwenzako Mujerumani akasema neno la kwao ambalo sitaki kujua maana yake. Nikamusikia profesa anasema haifanani na ya wazee wa zamani, iko pembeni kidogo, itabidi wengine wapime tena. Watu hapa waliangaliana. Mama ya Jérémie alinishika mukono. Tulifikiri tumekuletea namba mbaya.

Njo nilikuuliza, mbele ya wote: «Mwanangu, hiyo ni namba uliyoitaka?»

Na wewe ukanijibu, unacheka na machozi yanasikika: «Tonton, miezi tisa nimekatazwa kutaka. Hiyo njo namba iliyoko.»

Papa Josué ni mutu wa maneno machache. Alisimama, akavaa kofia yake, akaniambia: «Ukoo wa kuoa mwanamuke tumeupata.»

Tunakungoja mwezi wa kumi na mbili.

Tonton Ruphin